Hela Isiyobakiza

Ujumbe wa benki uliingia nikiwa feri hapa Mtwara mjini, mkono mmoja umeshika changu wawili, mdomo unabishania bei ya wa tatu. Niliufungua kwa kidole chenye magamba. Malipo ya korosho: shilingi 720,720. Nikausoma tena. Si kwamba hela ilikuwa nyingi. Kwa shamba la baba, ule ulikuwa msimu mbaya. Ni ule mwandiko wake. Saba mbili sifuri, saba mbili sifuri, kama mtoto anayeitwa mara mbili na hataki kuitika.

Nina ugonjwa mmoja ambao walimu wenzangu wanaujua. Namba yoyote ikinipitia mbele, naivunja. Namba za bajaji, za nyumba, za kadi ya foleni hospitali. Nafundisha hisabati shule ya msingi, na mtu akishinda mwaka mzima anahubiri vigawo na vigawe mbele ya watoto 70, akili yake haibaki salama. Basi nikaivunja palepale, samaki wananichuruzikia. Kilo zilikuwa 364. Bei iliyotufikia baada ya makato yote ilikuwa shilingi 1,980 kwa kilo. 364 ni 4 mara 7 mara 13. 1,980 ni 4 mara 5 mara 9 mara 11. Zikutanishe, unapata 16 mara 9 mara 5 mara 7 mara 11 mara 13.

Muuza samaki akaniuliza kama nachukua au nakwenda. Nikalipa bei aliyoitaka yeye.

Nilichokiona ni hiki. 720,720 ni namba ndogo kuliko zote inayogawanyika bila baki kwa 1, kwa 2, kwa 3, kwa 4, na kuendelea hivyo bila kuruka hata moja mpaka 16. Hesabu kuanzia 1 mpaka milioni moja, iko hiyo peke yake. Inayoifuata ni mara mbili yake, 1,441,440. Na ilikuwa imetua kwenye simu yangu ikiwa hela ya marehemu, inasubiri kugawanywa.

Baba alifariki mwezi wa sita. Mwezi wa kumi korosho zikaanza kuanguka kama kawaida yake, maana mkorosho hauna habari na msiba. Mama na mdogo wetu wa mwisho wakaokota, wakaanika, wakajaza magunia. Bibi, mama yake baba, hatembei mbali siku hizi, lakini ana mikorosho miwili nyuma ya jiko lake, na kila asubuhi alikuwa anaizunguka na ndoo yake ya plastiki, anainama, anapumzika, anainama. Siku ya kupeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika akamwita mdogo wangu: chukua na hizi, mwagia humohumo. Magunia yakapimwa, yakaingia ghalani, mnada ukafanyika, kisha tukasubiri kama kila mkulima wa kusini anavyosubiri. Akaunti ilikuwa ya kwangu kwa sababu tu mimi ndiye mwenye mshahara na kadi ya benki isiyokufa.

Jumamosi nikapanda gari la Newala. Ukishapita Nanyamba na Tandahimba unajua uko juu ya uwanda. Hewa inabadilika, na mikorosho inakusindikiza pande zote mbili mpaka unachoka kuitazama. Nilikuta kikao kimeshakaa mkekani, mjomba katikati. Kwetu mjomba hata akinyamaza ndiye mwenyekiti.

Kaka mkubwa akafungua: "Hela ni laki saba na ishirini elfu, mia saba na ishirini. Watoto tuko saba. Mwalimu, piga."

Nikampa jibu bila kushika kalamu: 102,960 kila mmoja, kamili.

"Na mama yenu?" akauliza mjomba, macho kwenye mkeka. "Au humu ndani alikuwa mgeni?"

Nane, basi. 90,090.

Mama akasema yeye hali kabla ya mkwewe. Bibi alikuwa ndani, mlango wazi, anasikia kila neno. Tisa. 80,080.

Shangazi akakohoa. Shangazi ndiye aliyemuuguza baba wiki zake za mwisho, hakuna aliyekuwa na uso wa kumwambia hayumo. Kumi: 72,072. Halafu ikakumbukwa kwamba mjomba naye kaja kwa nauli yake na mila ina neno lake, ingawa mwenyewe hakusema kitu, alitazama tu juu kwenye matawi. Kumi na moja: 65,520. Mama mdogo, ambaye mabibo yote ya msimu ule yalipita mikononi mwake, akaingizwa na mama. Kumi na mbili: 60,060. Mdogo wangu akasema kuna kijana wa jirani alisaidia kuokota, aliahidiwa. Kumi na tatu. Hapo nilijifanya nafikiri, kwa kuwatania tu, maana jibu nilikuwa nalo tangu feri. 55,440.

Kikao kikanyamaza. Shemeji mmoja akasema hela hii ina dua ya marehemu. Mwingine, simtaji, akasema hela hii ina mtu. Kaka akasema mwalimu anatudanganya, akatoa simu, akafungua kikokotoo, akaanza upya kutoka saba. Alipofika 13 na kuona namba nzima isiyo na nukta, akaizima simu na kuilaza kifudifudi.

Mnaodhani hesabu safi huleta amani, hamjakaa kikao cha mirathi. Hela ya kawaida husaidia watu kwa kukataa. Mtu anasema tuwe kumi na mmoja, inatoka shilingi na senti zisizoshikika, wanasema basi, tubaki kumi. Hii ya kwetu haikumkataa yeyote. Kila aliyeleta hoja alipewa jibu lililonyooka, na jibu lililonyooka linafanana na haki kwa sura, hata kama hawajazaliwa tumbo moja. Ndiyo maana tulikaa kuanzia saa nne asubuhi mpaka adhana ya alasiri.

Wakati wakubwa wanazozana, watoto wa kaka walikuwa wamenizunguka wanataka kujua mchezo uko wapi. Nikachota korosho za kuchoma kwenye sinia, nikawahesabia 12. Zipangeni mistari iliyo sawa. Wakapata mistari miwili ya sita, mitatu ya nne, na ule mmoja mrefu. Nikaongeza moja, zikawa 13. Wakapanga, wakapangua, wakala mbili kwa hasira, nikazirudisha. Kumi na tatu haipangiki ila mstari mmoja. Ndiyo tunayoita namba tasa.

Jina hilo nalifundisha kwa sababu liko kwenye mtaala, lakini silipendi, na mbele ya dada yangu wa tatu huwa nalitamka haraka. Tena ni uongo wa wazi. Namba tasa ndizo zinazozaa nyingine zote. Kila namba uijuayo, ukiivunja mpaka mwisho, unakuta zenyewe ndani, kwa idadi ileile, hata uivunje kwa njia gani. Aliyezipa jina alitazama upande wa nani kazizaa, hakutazama upande wa pili.

Sasa turudi kwenye 720,720. Siri ya mwandiko wake wa kujirudia ni 1,001. Namba yoyote ya tarakimu tatu ukiiandika mara mbili mfululizo umeizidisha kwa 1,001, na 1,001 ni 7 mara 11 mara 13. Darasani huwa namwambia mtoto achague tarakimu tatu azitakazo, aziandike mara mbili, agawanye kwa 7, kisha kwa 11, kisha kwa 13, na asinioneshe. Mwishoni anarudi palepale alipoanzia, na wale wa nyuma wanaruka juu ya madawati kana kwamba nimetoa sungura kwenye kanga. Kwa hiyo hela yetu, kwa kuwa tu ilijirudia, ilishabeba zile tatu ngumu ambazo watu hukwamia. Zilizobaki zimo ndani ya 720 yenyewe, ambayo ni 1 mara 2 mara 3 mara 4 mara 5 mara 6. Humo zile 2 ziko nne, zile 3 ziko mbili, na 5 ni moja. Ukitaka 8 unachukua zile 2 tatu, ukitaka 9 unachukua zile 3 mbili, 15 unachukua 3 na 5, 14 unaazima 2 huku na 7 kule.

Ile 2 ya nne ndiyo iliyonifurahisha zaidi, kwa sababu ilikuwepo kwa kuponea chupuchupu. Kama tungevuna nusu, kilo 182, tungelipwa 360,360, na hiyo nayo inagawanyika kwa kila namba mpaka 15. Kwa 16 inakupa 22,522 na nusu shilingi.

Vigawo vyote, yaani namba zinazoigawanya bila baki, viko 240. Si lazima uvitafute kimoja kimoja. Kigawo chochote cha namba hii ni uchaguzi: zile 2 uchukue ngapi, kuanzia sifuri mpaka nne, njia tano, zile 3, njia tatu, halafu 5, 7, 11 na 13, kila moja uichukue au uiache. Tano mara tatu mara mbili mara mbili mara mbili mara mbili. Chini ya milioni moja hakuna namba yenye vigawo zaidi ya hivyo. Zipo nne nyingine zenye 240 vilevile, lakini zote ni kubwa kuliko hii. Hii ndiyo ilifika kwanza. Na ukivijumlisha vigawo vyake vyote ukaiacha yenyewe nje, unapata 2,529,072, yaani watoto wana mali mara tatu na nusu ya mama yao.

Kutaka namba inayogawanyika vizuri ni tamaa ya zamani. Plato, yule Mgiriki, alipokuwa anaupangilia mji wake wa kufikirika alitaka uwe na wenye ardhi 5,040, si zaidi si pungufu, kwa sababu idadi hiyo inagawanyika kwa kila namba kuanzia 1 mpaka 10. Kwa 11 inabakiza 2, na yeye mwenyewe aliliona hilo. Yetu ni 5,040 yake mara 143. Sisi wa mkekani, pamoja na nyongeza, tungekaa vizuri kuliko mji wake.

Lakini mtu ninayempenda katika habari hii ni karani. Srinivasa Ramanujan alizaliwa kusini mwa India mwaka 1887, na mwaka 1912 akapata kazi ya ukarani wa hesabu katika ofisi za bandari ya Madras, mji unaoitwa Chennai siku hizi. Kila ninapopita karibu na bandari yetu hapa Mtwara msimu wa korosho, malori yamepanga foleni na magunia yanasubiri meli, mengine yakienda hukohuko India na mengine Vietnam, namfikiria: karani mmoja kwenye meza ya mbao, mchana anajumlisha mizigo ya watu, jioni anavunja namba zake. Mwaka 1914 alikwenda Cambridge, Uingereza, na 1915 akachapisha kazi ndefu kuhusu namba ambazo kila moja ina vigawo vingi kuliko namba zote zilizo ndogo kwake. 12 ni mojawapo, maana hakuna iliyo chini yake yenye vigawo sita. 60 ni mojawapo, ndiyo maana saa inagawika bila shida. 720,720 ni ya 38. Aliziorodhesha mpaka zikafika tarakimu 13, kwa mkono, na katika orodha ile aliruka moja: 293,318,625,600. Huwa nawaambia watoto habari ya ile aliyoiruka kabla sijawaambia habari ya zile alizozipata. Alifariki mwaka 1920, akiwa na miaka 32.

Kuna swali ambalo mtoto mkubwa wa kaka aliniuliza, akiwa na korosho mdomoni: kwa nini inaishia 16? Nikamwambia apande nami ngazi. Ukitaka KDS, kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote kuanzia 1 mpaka 10, ni 2,520. Ongeza 11, inapanda mpaka 27,720. Kumi na mbili inapanda bure kama mtoto wa kondakta, kwa sababu 3 na 4 zimeshalipa nauli. Kumi na tatu inadai chake, 360,360. Kumi na nne na 15 zinapanda bure. Kumi na sita inadai 2 moja zaidi, 720,720. Halafu inakuja 17. Tasa, kubwa, haina ndugu ndani. Ili kuipokea inabidi uzidishe vyote ulivyonavyo mara kumi na saba, uruke mpaka 12,252,240. Korosho za milioni kumi na mbili hazikuwepo kwenye shamba letu. Kwa hiyo 720,720 ukiigawanya kwa 17 unapata 42,395 na inabaki 5.

"Kumbe inabakiza," akasema yule mtoto, kama aliyemkuta mwalimu wake anakula mchana wa Ramadhani.

Ustadhi alifika baada ya alasiri, aliitwa na mjomba, na nadhani mjomba alikuwa amemwita tangu jana yake. Hakuuliza nani aliuguza wala nani aliokota. Aliuliza nani yuko hai. Mke, yupo. Mama wa marehemu, yupo. Baba wa marehemu, alitangulia. Watoto wa kiume watatu, wa kike wanne. Akasema mke ana thumni, moja ya nane, kwa kuwa watoto wapo, mama wa marehemu ana sudusi, moja ya sita, kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Shangazi, mjomba na mama mdogo hawamo katika mafungu; anayetaka kuwapa, awape kutoka kwenye chake. Yule kijana wa jirani ana ujira wake, huo ni deni, na kaka akasema atalilipa kutoka mfukoni. Alilipa, nashuhudia.

Thumni ya mama: 90,090. Sudusi ya bibi: 120,120. Zimebaki 510,510.

Hapo nilicheka peke yangu, na mama akanikonyeza ninyamaze. 510,510 ni 2 mara 3 mara 5 mara 7 mara 11 mara 13 mara 17. Namba tasa saba za kwanza, kila moja imesimama mara moja, hakuna iliyojirudia wala iliyokosekana. Ile 17 niliyowaambia watoto kwamba haikupata nafasi, ilikuwa imeingia kwa mlango wa uani. Na ukitazama unaona ilikopitia: hela nzima ni mafungu 24, toa matatu ya thumni, toa manne ya sudusi, yanabaki 17. Sheria ya mirathi ndiyo iliyoileta, si korosho.

Watoto wa kiume watatu ni mafungu sita, sisi wanne manne, jumla kumi. Fungu moja 51,051. Kaka zangu 102,102 kila mmoja. Fungu langu halikunisumbua. Kilichonisumbua ni kaka wa pili aliyenisogelea na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba hata namba imekubali, kana kwamba namba iliwahi kuulizwa. Nikamkumbusha kwamba namba ilikubali pia saba sawasawa, na kumi na tatu sawasawa, na angeileta kumi na sita ingemkubalia. Namba haijui watu. Kilo moja tu ingepungua mizani, tungelipwa 718,740, na ule mgawo wa kwanza wa watoto saba ungebakiza shilingi moja. Ningesoma ujumbe ule feri, nikamalizana na samaki wangu, na msingekuwa mnasoma haya.

Tuliowatumia kwa simu tukawatumia, na simu, tofauti na noti, inajua kuhesabu mpaka shilingi ya mwisho. Bibi hana simu. Nilimpelekea chake ndani, taslimu, kwenye bahasha: 120,150, kwa sababu sarafu ndogo ninayoweza kuipata siku hizi ni ya 50 na sikutaka kumpunja ishirini zake. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba. Fungu lake lilikuwa kubwa kuliko la mtu mwingine yeyote ndani ya ile nyumba, na alilipokea bila kulifungua.

"Na baki yangu?"

Sikuelewa. Mama, aliyekuwa nyuma yangu mlangoni, ndiye aliyenieleza baadaye, kwa sauti ya kunong'ona, jikoni. Tangu baba akiwa kijana, akirudi chama kuuza korosho, alikuwa anagawa: ya chumvi na mafuta, ya ada, ya salfa ya msimu ujao, ya nguo. Zile sarafu zilizogoma kugawika hakuzitia mfukoni. Alikuwa anavuka uwanja na kumpelekea mama yake. Alifanya hivyo kila msimu, alipopata sana na alipopata kidogo. Bibi alinunulia ugoro, au alizifunga kwenye pindo la kanga, hakuna aliyewahi kumuuliza.

Pale kitandani sikuwa nayajua hayo. Nikamjibu kama mwalimu. "Bibi, haikubaki kitu. Imegawika yote."

"Hela gani isiyobakiza?"

"Hii. Tumeigawa kwa saba, kwa nane, kwa tisa, mpaka kwa kumi na tatu. Haibakizi."

Akanyamaza kidogo. Nje kuku walikuwa wanapigania maganda ya korosho za watoto.

"Hakuna kabisa?"

Nikasema ipo kwa 17. Kwa 17 inabaki.

"Ngapi?"

"Shilingi tano."

"Dala," akasema, na uso wake ukafunguka. Vijana mnaopanda daladala kila siku, jina hilo limetoka kwenye nauli, na dala ni shilingi tano, ile sarafu kubwa yenye pembe. Bibi alizishika wakati zina uzito, katika ile miaka ya mwanzo wa sabini, korosho za nchi hii zilipofika tani zipatazo 145,000 katika msimu wa 1973/74, kabla watu hawajahamishiwa vijijini na mikorosho yao kuachwa porini. "Alikuwa ananiletea dala. Basi gaweni kwa kumi na saba."

"Bibi, hatuko kumi na saba."

"Nimekuuliza mko wangapi?"

Nililala palepale Newala. Asubuhi, wakati nangoja gari, mdogo wangu akanipa karatasi za chama nizihifadhi. Mzigo wetu ulikuwa umeandikwa mistari miwili. Wa kwanza, kilo 357. Wa pili, kilo 7. Nikamuuliza hizi saba ni nini. Akasema ni ile ndoo ya bibi, alichelewa kuimimina, karani akaipima peke yake.

357 ni 3 mara 7 mara 17.

Safari nzima mpaka Tandahimba nilikuwa naandika kwa kidole kwenye vumbi la kioo. Bila ndoo, tungelipwa 706,860, na hela hiyo inagawika kwa 17 bila baki: 41,580. Lakini kwa 8 haigawiki, wala kwa 13. Thumni ya mama ingetoka 88,357 na senti hamsini, na ustadhi angekwama kwenye nusu shilingi ambayo hakuna mfuko wa kuitia. Ndoo ya bibi ndiyo iliyoleta ile 2 ya tatu na ya nne, pamoja na 13, na ndiyo iliyoifukuza kumi na saba. Tena kwa haki ile ndoo haikuwa mirathi hata kidogo. Ilikuwa mali yake, na sisi tuliigawana. Thamani yake ni kilo 7 kwa 1,980, shilingi 13,860. Nimezitoa kwenye fungu langu nikamtumia mama ampe. Kaka zangu watalisoma hapa, na sitaki kikao kingine.

Halafu nikazigawanya hizo 13,860 peke yake kwa 17. Zinakwenda 815, inabaki 5.

Gari lilipofika Nanyamba mtandao ukarudi. Nikapiga simu ya mama, nikaomba apelekewe bibi sikioni. Nikamwambia, bibi, nimeipiga hesabu upya, ile dala imetoka kwenye ndoo yako.

"Sasa wewe," akasema, "ulidhani imetoka kwa nani?"